Mishono Mitatu Chini ya Kwapa

Bereti ya zamani haivaliwi kavu. Unaichovya kwenye maji ya uvuguvugu, unaikamua taratibu bila kuisokota, unaivaa, unaivuta upande wa kulia mpaka iguse sikio, kisha unakaa nayo hivyo hivyo hadi ikaukie kichwani mwako. Kazi hiyo inaweza kuchukua jioni nzima. Mimi nilikuwa nakaa nayo mezani, maji yakinichuruzika shingoni, nakula bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, kama mtu mwenye akili zake timamu, na mke wangu ananitazama kutoka upande wa pili.

"Papa, unalowesha bugali," aliniambia mara ya kwanza.

"Imebakia kidogo."

"Kidogo gani? Tangu saa kumi na mbili uko na mvua yako peke yako mu nyumba."

Tulikuwa tunakaa Brussels, mtaa wa Saint-Josse, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, juu ya duka la Mturuki aliyeuza mikate na zeituni. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Kila asubuhi nilipanda tramu kwenda Uccle, ambako nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha nyumba moja ya wazee. Mashuka, pajama, taulo, na sweta za watu ambao watoto wao waliwatembelea Jumapili moja moja. Mmoja wa wazee wale alikuwa mwanajeshi wa miavuli wakati wa Vita vya Pili. Siku moja nilimrudishia sweta lake nikiwa nimelitia kiraka kwenye kiwiko bila kuombwa. Akaligeuza ndani nje, akalitazama muda mrefu, akaniambia kwa Kifaransa chake cha taratibu kwamba nina mkono wa fundi.

"Mkono ni wa baba yangu," nilimjibu. "Mimi nimeuazima tu."

Kesho yake aliniita chumbani kwake akanipa bereti yake. Akanifundisha habari ya kuilowesha, na habari ya kulia na kushoto: bereti za Wabelgiji na za Waingereza zinalalia kulia, za Wafaransa zinalalia kushoto, na mtu anayechanganya hapo anajianika mbele ya watu wanaojua. Nilicheka. Sikujua kwamba ndani ya miaka michache nami ningekuwa mmoja wa watu hao wanaojua, na kwamba ningekuwa na bereti kumi na moja na makoti sita ya vita ya mabakamabaka kwenye nyumba ya vyumba viwili.

Makoti yalikaa kwenye kabati ambalo mke wangu alikuwa amelikusudia kwa vitenge vyake. Bereti zilikaa kwenye sanduku nililokuja nalo kutoka Bukavu, juu ya kabati, zikiwa zimefungwa na karatasi pamoja na vidonge vya naftalini. Nyumba nzima ilinuka naftalini. Mke wangu aliyaita mambo hayo yote "jeshi yako." Wageni wa kanisani wakibisha mlango, aliwapigia kelele kutoka ndani: "Ngojeni kidogo, napangisha kwanza basoda ku laini!" Basoda kwetu ni askari. Halafu wanaingia, wanacheka, wanataka kuonyeshwa, na yeye mwenyewe ndiye anayewaonyesha, kwa majivuno ambayo angekana hata mbele ya padri.

Watu walidhani napenda vita. Sijawahi kushika bunduki maishani mwangu na mlio wa baruti za mwaka mpya unanifanya niende chooni. Nilichokuwa natafuta kwenye makoti yale ni baba yangu.

Baba alikuwa fundi cherehani Bukavu. Miaka ya mwisho ya ukoloni alikuwa na kazi ya kutengeneza nguo za kambi moja ya jeshi, na miongoni mwa nguo hizo yalikuwemo makoti mazito ya mabaka waliyokuja nayo askari wa Kibelgiji, makoti waliyoyavaa vitani huku Ulaya na kuendelea nayo hadi kwetu. Mimi sikuyaona kazini kwake, nilizaliwa mwishoni kabisa mwa mambo hayo. Lakini nilipokuwa mdogo, nimekaa kwenye kigoda chini ya cherehani yake, alinisimulia siri moja. Kila nguo ya kambi iliyopita mikononi mwake, alisema, aliiwekea alama chini ya kwapa la kushoto, upande wa ndani, mahali ambapo hata mwenye nguo haangalii: mishono mitatu midogo ya uzi mwekundu. Askari walirudi kwao na mishono yake bila kujua. "Iko kule Ulaya mpaka leo," aliniambia. "Inatembea."

Basi mtu akishasikia maneno kama hayo akiwa na miaka sita, halafu akajikuta amehamia Ulaya yenyewe, atafanya nini? Jumapili asubuhi nilishuka Marolles, kwenye soko la vitu vya zamani, na nilitia mkono kwenye kila kwapa lililokuja mbele yangu. Wakusanyaji wenzangu walitazama mhuri wa kiwanda, zipu, vifungo, rangi. Walibishana kama mabaka yalipakwa kwa brashi au yalichapwa kwa mashine. Mimi nilisalimia, nikaingiza mkono, nikapapasa, nikautoa. Muuzaji mmoja aliniuliza kama natafuta yai.

Miaka minane nilipapasa. Makoti sita niliyokuwa nayo niliyanunua kwa kuwa mabega yake yalikuwa na viraka vizuri vilivyonifanya nisite, lakini uzi mwekundu hakuna. Na wakati ulikuwa unanikimbia. Sisi na baba tulikuwa tunatumiana kaseti badala ya barua, kwa sababu alisema barua haikohoi na hivyo huwezi kujua mwenzako yuko namna gani. Kwenye kaseti za mwisho alisema sindano imeanza kumchezea. Uzi anauona, tundu la sindano halioni. Mimi nilikuwa na miaka tisa sijafika nyumbani. Kwanza zilikuwa karatasi za ukaazi, kisha kazi, kisha nilizoea kutoa sababu. Nilijiambia nitakwenda siku nikiwa na kitu mkononi. Nilitaka kumwekea koti lile mapajani nimwambie: Papa, gusa hapa, limevuka bahari mara mbili na mshono wako haujaachia. Nilitaka aliguse kabla macho yake hayajafunga kabisa. Nilitaka hivyo kwa nguvu ambazo sasa zinanitia haya.

Halafu nikalipata.

Lilikuwa limelala chini ya rundo la mablanketi, Jumapili ya mvua ambapo wateja walikuwa wachache. Ni koti la namna ile linalovaliwa kwa kupitisha kichwa, lenye zipu inayoishia kifuani, mifuko minne, na ule ulimi mrefu wa nyuma ambao askari aliupitisha katikati ya miguu na kuufunga mbele ili koti lisipepee akiruka na mwavuli. Kijani kimefifia, kahawia imebaki. Nikatia mkono kwenye kwapa la kushoto kwa mazoea tu, akili yangu ikiwa kwenye kahawa. Vidole vikagonga kitu. Nikaligeuza. Mishono mitatu, miekundu, iliyopaukia kuwa rangi ya matofali.

Nilikaa juu ya mablanketi ya watu. Muuzaji alidhani nimepatwa na ugonjwa, akaniletea maji, na mimi nikalipa bila hata kuomba anipunguzie, jambo ambalo mke wangu hadi leo hajanisamehe.

Shida ilikuwa ni huyo mke. Mwezi uliopita alikuwa amekuta nondo kwenye kitenge chake cha harusi, matundu mawili makubwa, na mimi nilikula kiapo mbele yake na mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba hakuna koti lingine litakaloingia. Nilihitaji siku chache za kutafuta maneno. Kwa hiyo nililipeleka moja kwa moja kwenye chumba cha chini ya jengo tulichokitumia kama stoo, nikalisukumia ndani ya mfuko mkubwa wa nguo kuukuu uliokuwa pale. Nilijiona mjanja sana.

Mfuko ule ulikuwa wa nguo za kutuma nyumbani.

Wasiojua mambo ya fût niwaeleze. Fût ni pipa la plastiki, la buluu, lenye kifuniko cha bangili ya chuma, na familia nyingi za kwetu pale Brussels zilikuwa na moja inayojazwa pole pole mwaka mzima kwa ajili ya nyumbani. Usafiri unalipia pipa, hulipii uzito. Kwa sababu hiyo kuna sheria moja ambayo kila mama wa Kivu anaijua: fût haisafiri na hewa. Ndani ya sufuria unaweka sabuni, kati ya sabuni na sabuni unaweka soksi, na pengo lolote linalobaki linazibwa na nguo, ukikandamiza kwa goti. Mama akifunga fût lake halafu likasikika kitu kinagongagonga ndani, wenzake watamsema mpaka Pasaka.

Fût la mwaka ule lilikuwa na zawadi kubwa: kichwa cha cherehani, kizito, cheusi, tulichokipata kwa mama mmoja wa Ganshoren aliyekuwa anahama. Kilikuwa cha baba. Nilijua litafungwa wiki hiyo. Nilidhani ni Jumamosi. Mwenye kusafirisha alipita Alhamisi, mimi nikiwa Uccle nakunja mashuka.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amekaa jikoni amenyoosha miguu, amechoka, ana furaha.

"Fût imeenda," alisema. "Hata hewa ya sindano haimo. Tuliifunga na mama wa chini, tukaipindua, tukaitikisa. Kimya."

"Na kichwa ya machine?"

"Hiyo njo niliifunga vizuri kuliko yote. Nilikuta nguo moja mu sac kule cave, nzito, nzuri, tenue ya jeshi yako. Nikasema, kumbe huyu muzee ameanza kupata akili, anatoa moja kwa hiari yake. Nikafungia nayo machine."

Nilishuka ngazi mbio nikiwa na viatu vya ndani. Mfuko ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya rafu, mtupu.

Nitasema ukweli: kwanza nililia koti. Nilisimama pale chini kwenye harufu ya mkaa na baiskeli za majirani, nikalilia kama mtoto. Ilinichukua kupanda hadi ghorofa ya pili ndipo nikasimama ghafla, mkono kwenye reli, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo lingine. Vazi la kijeshi lilikuwa linakwenda kwa baba yangu. Nyumbani siku zile askari walikuwa hawajalipwa miezi na walikuwa na hasira na kila mtu. Raia aliyekutwa hata na mkanda wa jeshi aliulizwa ameutoa wapi, na maswali hayo hayakuulizwa kwa upole. Sisi tulikuwa tumekaa Brussels muda mrefu, mahali ambapo vijana walivaa suruali za mabaka kwenda kununua aiskrimu, hadi mke wangu akasahau. Nami niliyeficha koti ndani ya mfuko wa nyumbani nilisahau zaidi yake.

Niliingia nikamwambia. Akajitetea, na alikuwa na haki.

"Nani aliweka tenue mu sac ya kutuma? Mimi?"

"Ni mimi."

"Nani aliapa mbele ya Bikira Maria?"

"Ni mimi."

"Bon." Akafunika uso na kitambaa cha vyombo. "Mungu wangu. Papa muzee. Batamukamata sababu ya masufuria yangu."

Asubuhi kabla ya kazi nilikwenda kwa mwenye kusafirisha, Mwislamu wa Bujumbura, mtu mpole, aliyekuwa na ghala dogo mitaa mitatu kutoka kwetu. Alinisikiliza akiwa anahesabu tasbihi.

"Ndugu yangu, kontena limefika bandarini Anvers jana jioni," alisema. "Likishapigwa lakiri, hata mimi mwenyewe siligusi tena. Litakwenda mpaka Dar es Salaam, Kigoma, Bujumbura, halafu gari. Miezi mitatu, inshallah. Kwenye karatasi uliandika nini?"

"Manguo na masufuria."

"Basi ni manguo. Omba Mungu, nami nitakuombea."

Simu haikusaidia. Bukavu tulikuwa tukiwapata kupitia redio ya parokia, ambapo unazungumza na nusu ya mji inasikiliza. Nikaandika barua, na mtawa mmoja aliyekuwa anasafiri kupitia Bujumbura akakubali kuibeba. Niliichana mara nne. Ile ya mwisho ilikuwa fupi: Papa, fût ikifika usiifungue mbele ya watu. Kichwa cha cherehani kimefungwa na koti la mabaka. Chini ya kwapa la kushoto kuna mishono yako mitatu, nimeitafuta miaka minane. Tazama kwanza, halafu lichome.

Neno hilo la mwisho nililiandika kwa herufi ndogo. Lakini niliandika.

Miezi mitatu ile mke wangu hakutaja jeshi hata mara moja. Nilikuwa nimezoea kukerwa na utani wake, na sasa ulipokatika nyumba ilikuwa kama imehamwa. Nilichovya bereti jioni moja ili tu aniseme. Aliniwekea taulo mabegani, akarudi jikoni bila neno. Jumapili moja kanisani alisimama wakati wa maombi ya watu akaomba tukumbuke "kifurushi kiko njiani." Wenzake waliitikia kwa moyo wote, kila mmoja akiwazia sufuria zake mwenyewe. Mimi nilimshika mkono alipokaa. Ulikuwa baridi. Tulikuwa tumeoana miaka saba na nadhani sijawahi kumpenda kama nilivyompenda kwenye benchi lile, akiwa na koti lake la baridi lenye kifungo kimoja tofauti.

Kaseti ilifika mwishoni mwa Machi, imeletwa na mwanafunzi aliyekuwa ametoka likizo. Imefungwa kwa karatasi ya kahawia na uzi mweusi, mafundo ya fundi, yale ambayo hayafunguki bila mkasi. Nilishindwa kulifungua fundo, akalifungua mke wangu kwa meno. Tuliweka redio kaseti katikati ya meza, kati ya sahani. Mwanzoni kulikuwa na kikohozi. Yuko hai, nilifikiri. Halafu sauti.

"Mutoto yangu, jambo. Bibi yako naye jambo. Mi niko muzima, miguu tu njo inanisumbua, na macho. Bon. Fût ilifika. Tuliifungula ku uwanja mbele ya kila mutu, bamama ba jirani, batoto, hata catéchiste alikuwako. Masufuria ikatoka. Savon ikatoka. Kichwa ya machine ikatoka, aksanti sana, Mungu abariki mikono yenu. Na ile tenue ikatoka, watu bote bakaiona."

Mke wangu alinikamata kifundo cha mkono. Kucha zake ziliingia.

"Kisha ya siku kumi, barua yako nayo ikafika, ule sista alikawiaka kule Bujumbura. Unaniandikia niichome. Weee! Niichome juu ya nini? Umesahau kazi ya baba yako? Mi ni tailleur! Basoda banaleta manguo kwangu kila siku. Huyu suruali imepasuka, huyu anataka nimufupishie mikono. Leo vile niko nasema, ku ukuta yangu kuko tenue saba. Ya kwako ni ya munane. Nani ataitambua?"

Na hapo akacheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi. Mke wangu na mimi tulitazamana. Miezi mitatu na zaidi tulikuwa hatulali, na katika Bukavu nzima palikuwa na ukuta mmoja tu ambapo koti lile lingeweza kutundikwa mchana kweupe bila mtu kugeuza shingo, na ndipo tulipokuwa tumelituma. Mimi, mtoto wa fundi, sikulikumbuka hilo. Nilikuwa nimeondoka miaka mingi kiasi hicho.

"Caporal moja njo aliiona," baba aliendelea. "Akauliza, Papa, hii ni ya nani? Nikamujibu, ni ya client. Eko mbali kidogo, atakuja kuichukua. Akasema ni nguo muzuri. Nikasema, ndiyo, ni muzuri."

Nyuma ya sauti yake ulisikika mguu wa mtu mwingine ukikanyaga cherehani, na kuku.

"Alors, ku habari ya zile uzi nyekundu. Niliziangalia karibu ya dirisha, na lunettes, na kidole. Si za kwangu. Mutu aliyeshona pale alikuwa na haraka, ao alikuwa amelewa. Usikasirike. Na ngoja nikuambie ukweli, juu niko nazeeka. Mi sikuwekaka alama. Hata siku moja! Uzi nyekundu mu nguo ya musoda? Bangenifukuza siku ile ile. Nilikuambiaka vile juu ulikuwa mutoto wa fujo, ulikuwa nacheza na mukasi yangu. Nikakuambia, tafuta uzi nyekundu. Ukanyamaza saa nzima, mukono mu makwapa ya batu. Nikapata kufanya kazi yangu. Sikujua utaendelea kutafuta mpaka Ulaya."

Sikumbuki nilifanya nini. Mke wangu anasema niliinuka nikakaa, nikainuka nikakaa. Miaka minane ya Jumapili. Makwapa ya nusu ya majeshi ya Ulaya. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira ile kulikuwa na kicheko kikipanda, na chini ya kicheko sijui kulikuwa na nini.

"Uko nasikiliza bado?" alisema baba, kana kwamba ananiona. "Nilizifumua zile tatu. Nikashona zingine tatu, nyekundu, pale pale. Nilichukua siku mbili. Mutoto ya dada yako njo alinitilia uzi mu sindano, lakini mukono ni wangu. Sasa njo ile nguo uliyokuwa natafuta. Iko ku musumari. Unajua sheria yangu: client akichelewa, nguo haiuzwe, haikatwe. Inabakia ku musumari mpaka mwenyewe akuye. Njo vile. Kuya uichukue."

Kaseti iliendelea kuzunguka na kuunguruma bila maneno. Hatukuizima.

Mke wangu ndiye aliyeinuka. Akavuta kiti mpaka kwenye kabati, akapanda, akalishusha lile sanduku nililokuja nalo, akaliweka sakafuni na kulifungua. Akaanza kutoa bereti moja moja, akizikung'uta karatasi: juu ya meza, juu ya redio, kwenye kitasa cha mlango, kichwani mwangu. Ya kumi na moja alijivika mwenyewe na kuivuta kushoto.

"Kulia," nilimwambia.

"Nyamaza. Leo jeshi italala inje ya kambi." Alilipindua sanduku, vidonge vya naftalini vikatapakaa sakafuni, akalipangusa ndani kwa kitambaa cha vyombo, akalisimamisha kando ya mlango. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Utaomba congé kesho," alisema.

Niliomba likizo kesho yake. Yule mzee wa miavuli alipopata habari alitaka kujua kama sasa nitaleta koti Brussels, nikamweleza kwamba uwanja wa ndege wa kwetu si mahali pa kupita na koti la namna ile. Akafikiri. Akasema basi nivae bereti angalau, nami nikamwahidi, nikaiacha.

Nilifika Bukavu wakati wa kiangazi, mchana, karakana ikiwa imejaa watu. Baba alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Amekaa kwenye cherehani yenye kile kichwa kutoka Ganshoren, na nyuma yake, kati ya suruali za askari, nililiona koti. Watu walinipisha njia. Alikuwa ananijua kwa hatua, nilimwona akiinamisha kichwa kusikiliza, lakini hakuinuka na hakutoa mguu kwenye pedali. Alinyoosha kiganja mbele yake, kama anayemwomba mteja yeyote risiti yake.

"Reçu iko wapi?"

"Sina, Papa."

"Aah." Akasukuma kigoda kwa mguu mpaka kikagusa goti langu, kigoda kile kile, kimebadilishwa miguu. "Bila reçu, itabidi ungoje."

Nikakaa.